Waraka kwa Mtaalamu wa Mawimbi ya Ubongo

Ndugu Mtaalamu uheshimiwaye,

Sisi wa Tanga tungali tunaikumbuka ziara yako, na sina shaka nawe unazikumbuka ahadi ulizotuachia pale ukumbini.

Nakushukuru kwa dhati kwa kuutaja wasiwasi hadharani. Wengi wetu huku huona heri kunywa kombe kimyakimya kuliko kumwambia mtu kwamba hatulali na moyo unakwenda mbio. Ulitufungua vinywa. Hisani ingetimia kama ungebaki kidogo ukatusikiliza, badala ya kupitisha daftari la kujiandikisha.

Masimulizi yako ya sayansi yalikuwa mazuri. Ni kweli Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu kule Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Ni kweli mawimbi ya alfa, yanayopiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde, huonekana zaidi mtu akitulia na kufumba macho. Na kofia yako yenye nyaya huyaonyesha kwenye kioo, ili mtu ajizoeze kuyaongeza. Ulikomea hapo, labda kwa kuchelea kutuchosha. Niruhusu niendelee. Mwaka 1981 Plotkin na Rice, watafiti wa Marekani, waliwachukua watu wenye wasiwasi mwingi, baadhi wakawafunza kuongeza alfa, wengine kuipunguza. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ilikwenda na jinsi mtu alivyojiona kufaulu. Sasa, bwana wangu, ikiwa kupandisha kunatuliza na kushusha kunatuliza, tunalipia mawimbi gani? Mwaka 2017 Schabus na wenzake wa Salzburg, Austria, waliwapima watu wasiopata usingizi. Mafunzo halisi ya mawimbi ya ubongo hayakuyashinda ya bandia. Sisemi wateja wako wanadanganya wanaposema wametulia. Wametulia kweli. Chumba kimya, mtu wa kukaa nao na matumaini vina nguvu, ila hujavitaja kwenye risiti.

Uliahidi ada atakayoimudu mvuvi wa Sahare. Nilisoma bei uliyobandika mlangoni. Hati yake ni nzuri sana, na mvuvi hajaonekana.

Ulisema pia kwamba ndiwe wa kwanza kuuletea mkoa huu tiba ya akili. Kwa heshima zote, panda Usambara ufike Lutindi, wilayani Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walianza pale mwaka 1896 kwa kuwalea watoto waliookolewa utumwani, na miaka michache baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hadi leo wagonjwa hutibiwa pale, na kazi za mikono ni sehemu ya matibabu yao. Na wanaowatibu hawajasema ni miujiza.

Na kama nia yako ni kuwafikia wengi, kule Zimbabwe Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani kuketi na wenye mawazo kwenye benchi na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za waliosaidiwa zilipungua. Bibi wenye busara Tanga tunao, tena hawahitaji umeme.

Liniumalo zaidi nimeliweka mwisho. Ulituahidi kwa kinywa chako kwamba hutamwondoa mtu kwenye dawa zake. Jirani yangu ameacha za kwake, kwa kuwa msaidizi wako alimwambia kofia inatosha. Mkewe sasa hulala akiwa amefunga mlango kwa ndani, na ufunguo ameuficha.

Mambo ya ada tutayazungumza siku nyingine. Leo nakuomba neno moja tu: mpigie simu jirani yangu, wewe mwenyewe na si msaidizi, umwambie arudi kliniki ya Bombo akaonane na daktari wake. Wewe atakusikia.

Wasalaam.