Muiite pumu yangu kikaoni

Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Michezo,

YAH: KUPONA KWANGU

Husika na somo tajwa hapo juu. Kama ilivyo ada ya kila msimu, mmeniagiza nilete barua ya daktari kuthibitisha kwamba nimepona kabisa, ndipo niruhusiwe kukimbia mita 5,000. Daktari amecheka, kisha akaandika yaleyale ya msimu uliopita: pumu haiponi, inadhibitiwa, avute dawa robo saa kabla ya mbio, akimbie. Karani wenu akaisoma, akaigeuza nyuma kutafuta muhuri mwingine, akanirudishia. "Hapa hapajaandikwa kapona."

Kwa kuwa ajuaye siku ya kupona ni pumu yenyewe, naomba kwa unyenyekevu muiandikie moja kwa moja. Mimi utarishi umenichosha. Ije na barua ya mtendaji wa kata, picha ndogo mbili na namba ya NIDA. Ikae kwenye lile benchi la nje mpaka Mwenyekiti arudi kutoka semina. Ikiuliza anarudi lini, iambiwe kesho. Ikishaingia, isaini kitabu cha wageni, ipewe kiti cha plastiki na maji ya chupa, kisha mjumbe mmoja aiulize kwa upole: ndugu Pumu, unatarajia kuondoka tarehe ngapi? Ikisema haina mpango huo, Katibu aandike muhtasari, nayo ipewe onyo la kwanza kwa maandishi. Ikikaidi mara tatu, ihamishwe. Nashauri isipelekwe Nachingwea, nina ndugu huko.

Maombi mengine ni madogo. Ubwiriunga uahirishwe hadi mashindano yaishe. Wenye mikorosho hupuliza salfa ya kuuzuia alfajiri, umande ukingali kwenye majani, na alfajiri hiyohiyo mimi niko njia ya Nangurukuru, lile vumbi la njano likigandana na jasho la shingo na kuacha ukali kwenye ulimi. Siwalaumu, hata ada yangu ililipwa na korosho. Pia msimamizi aliyenipokonya dawa mfukoni akidai ni ya kusisimua misuli atafutiwe miwani. Sheria za kimataifa zinaruhusu salbutamol ya kuvuta hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, ilimradi zisizidi 600 ndani ya saa nane. Mimi navuta 200.

Na jagi, tafadhali, apewe mtu mwingine. Mwaka jana mlinipanga kugawa maji. Nikawanywesha watu ninaowaacha nyuma kila asubuhi mazoezini, nikitabasamu, maana mlisema mnaniogopea nisije nikawaangukia mikononi. Mnaniogopea nini? Uwanja mzima haukuwa na gari la wagonjwa wala sanduku la huduma ya kwanza, na dawa pekee ya kifua iliyokuwapo ilikuwa mfukoni mwa msimamizi wenu. Mnachoogopa ni kuulizwa maswali. Mngeniambia hivyo usoni, ningewaheshimu zaidi.

Nirudi kwenye adabu. Waheshimiwa mnafahamu fika kwamba Paula Radcliffe ana pumu, na kwamba mwaka 2003 alikimbia maratoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi iliyodumu miaka 16. Haile Gebrselassie naye ana pumu. Mwaka 2008 alijitoa kwenye maratoni ya Olimpiki ya Beijing kwa kuhofia hewa chafu, akakimbia mita 10,000 hukohuko, na mwezi uliofuata akaweka rekodi ya dunia ya maratoni mjini Berlin, 2:03:59. Kujitoa aliamua mwenyewe. Hakuna aliyemkabidhi jagi.

Naomba kuwasilisha. Posho ya kikao ya pumu, pamoja na nauli yake, nipewe mimi, kwani dawa zake nanunua mimi.

Mkimbiaji,
Kilwa Masoko