Niacheni na Nyuzi Zangu 18

Kuna watu katika nchi hii wanaodhani baridi ni mali ya ukoo wao. Jirani yangu ni mmojawapo. Kwao ni Makete, na tangu mwezi wa sita uingie hapiti mbele ya baraza langu bila kulitazama sweta nililovaa, akacheka, kisha akauliza, "Mzee mwenzangu, na hii nayo unaiita baridi?" Hapo anaanza hadithi ya kwao: umande uliogeuka barafu kule Kitulo, watoto wanaokwenda shule wamejitanda mablanketi, moto unaowaka jikoni kutwa kucha. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka akikwama namkumbushia panapofuata.

Naomba nimjibu hapa, maana barazani huwa hanipi nafasi. Mji wa Njombe, mkoani kwao, uko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, ulio hapa mgongoni kwetu Kipawa, uko mita 55. Mungu ndivyo alivyogawa, na sisi wa bondeni hatukugoma. Tulichopewa ni miezi mitatu, Juni, Julai na Agosti, ambayo alfajiri zake hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Mchana zinapanda mpaka 28 au 29, nakubali, na sweta lenyewe ikifika saa nne nalivua. Lakini mtu ambaye Februari nzima amelala juu ya sakafu, kanga mbichi kifuani, akimwomba Mola usiku uishe, huyo nyuzi 18 kwake ni baridi halali. Mwili haujui habari za Makete. Unajua ulipotoka.

Na ninyi wa Masaki na Mbezi Beach, mkisikia kwenye taarifa ya habari kwamba Dar es Salaam leo ilikuwa na nyuzi kadhaa, mjue hizo zimepimwa uwanja wa ndege, kwenye kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa. Yaani zimepimwa kwetu. Miaka yote mnatangaziwa baridi ya Kipawa na hatujapata hata salamu. Sisi ule uwanja unatupa nini zaidi ya kelele? Wapo majirani zetu waliouachia nafasi ulipopanuliwa, wakahamishiwa upande wa Pugu. Fidia ya nyumba waliilalamikia miaka mingi. Sasa nikikutana nao wanajisifu kwamba huko kwenye vilima, karibu na msitu, asubuhi wanatoa moshi mdomoni. Basi fidia ya baridi, naona, wamelipwa yote.

Wataalamu wanaeleza kwamba msimu huu jua huwa limehamia kaskazini, na kule kusini mwa Bahari ya Hindi, kwenye visiwa vya Mascarene, mgandamizo mkubwa wa hewa unaimarika na kutusukumia upepo wa kusi. Ndiyo maana mamlaka hutahadharisha kuhusu upepo mkali na mawimbi, wavuvi wakashindwa kutoka, na pale Feri samaki wakapanda bei. Wavuvi nawaonea huruma kwa dhati. Nawaonea huruma nikiwa nimejifunika.

Starehe kubwa ya kipupwe, kwangu mimi, ni feni kunyamaza. Feni yetu ni ya kusimama, shingo yake ilikwisha zamani. Inageukia upande mmoja, ikifika mwisho inagonga mara mbili tatu, inafikiri, ndipo inarudi. Kuanzia Oktoba mpaka masika yaishe ndiyo inayotulaza na ndiyo inayotuamsha, maana uniti za LUKU zikikata usiku wa manane nyumba nzima inaamka kwa pamoja. Kipupwe kikiingia, naichomoa kwenye soketi kwa mikono yangu. Jioni naenda kuchungulia ile mita ukutani. Uniti zimesimama palepale! Kuna watu wanalipa kiingilio kwenda kuangalia samaki kwenye vioo. Mimi naangalia mita yangu bure na roho inatulia.

Tatizo ni mama watoto. Yeye feni haitaki izimwe. Anasema bila ule mlio hapati usingizi, anasema mbu watammaliza, anasema ndege ya usiku itamshtua. Kwa hiyo anairudisha kwenye soketi, anaielekeza kitandani, halafu anasikia baridi. Akisikia baridi anavuta blanketi. Blanketi lenyewe ni lile la manyoya lenye picha ya chui, zawadi ya harusi, linalokaa sandukuni miezi tisa na kutoka likinuka dawa ya mende. Ni zito, likikulalia hugeuki, na kwa maoni yangu hakuna kitu bora kuliko hicho mjini hapa. Linavutwa lote. Nabaki na mkia wa chui. Nikiuliza, najibiwa, "Baba watoto, wewe si ndiye unayependa baridi?"

Sasa huyo naye nimshtaki kwa nani?

Sweta nililonunua Karume, kwenye mitumba, nalo limeniletea maneno. Lina picha ya paa mwenye mapembe mengi na vitone vyeupe vya theluji. Mwenye nalo wa kwanza, huko Ulaya, nadhani alilivaa Krismasi. Mimi nalivaa Julai, hapa kwetu Karakana, natafuta bajaji. Watoto wa mtaa wananiita Baba Krismasi, na wazazi wao wanaosikia hawawakatazi. Lakini lina joto! Muuzaji alinihakikishia ni sufu tupu, na kwa mara ya kwanza muuzaji wa mitumba kaniambia kweli. Mzula nilishindwa kununua. Kuna kiwango cha kuchekwa ambacho mtu mzima hapaswi kukivuka kwa hiari yake.

Kinachoniudhi kuliko hao watoto ni ofisi. Nilikwenda ofisi moja mjini kufuatilia karatasi zangu, asubuhi ya manyunyu, upepo wa kusi unapuliza mtaani mpaka mawakala wa simu wameshikilia miavuli yao kwa mikono miwili. Ndani kiyoyozi kimewashwa, nyuzi 16. Dada wa mapokezi amevaa koti juu ya sweta, amejifunga mtandio miguuni, vidole haviwezi kupiga muhuri. Namwambia, "Dada yangu, si mzime?" Ananijibu kwamba rimoti anayo bosi, na bosi yuko Dodoma. Kwa hiyo nchi imeletewa baridi ya bure kutoka Bahari ya Hindi, na mtu amekaa anailipia nyingine. Angalau Dodoma nako mwezi wa saba usiku si mchezo. Natumaini bosi amesahau kubeba koti.

Niseme kuhusu maji ya moto. Mwezi wa pili maji ya simtanki yanachemka yenyewe juani, ukifungua bomba saa tisa unaweza kukoroga chai. Mwezi wa saba yanakaa kule juu usiku kucha yakijipanga kwa ajili ya mgongo wako. Basi nawasha mkaa, maana mtungi wa gesi nimekatazwa kuugusa, nachemsha sufuria, nachanganya kwenye ndoo, naonja kwa kiwiko. Ule ndio wakati mzuri wa siku: mvuke unapanda, jiko lina makaa, kikombe cha chai ya tangawizi kiko ukingoni. Naingia ndani kuchukua taulo. Nikirudi ndoo haipo, mlango wa bafu umefungwa, na kutoka huko ndani sauti ya mwanangu mkubwa, kwa adabu zote, "Shikamoo baba." Mtu akikupa shikamoo huku anamwaga maji yako utafanyaje? Unaitikia marahaba.

Machungwa ya Muheza nayo ndiyo wakati wake, yale ambayo ganda ni la kijani na ndani ni sukari. Mama mkwe anasema chungwa na baridi ni kujitafutia mafua. Nayala mchana, juani, yeye akiwa amelala.

Lakini asubuhi ni ya supu. Pale Karakana, karibu na magereji, kuna sufuria inayobandikwa usiku, na ikifika saa kumi na mbili harufu imeshapita nyumba ya kumi. Unakaa kwenye benchi, bakuli mkononi kabla ya mdomoni, kwa sababu mikono nayo inataka haki yake. Ndimu, pilipili, chumvi kidogo, chapati mbili. Juu yako ndege inapanda na watu wanaolipa dola kwenda kwenye baridi kali zaidi, na wala huwaonei wivu. Vijana wa gereji wamebanana pande zote mbili, ovaroli zina grisi, na msimu huu kubanana huko hakuna anayekulalamikia. Februari benchi hilohilo kila mtu anakaa pembeni kwake.

Shida ni kwamba kipupwe kinaongeza wateja, hakiongezi ng'ombe. Wiki hii muuzaji ameanza kuniambia, "Mzee wangu, supu ya leo nyepesinyepesi hivi." Nyepesi! Niliona nimebeba maji ya moto niliyonyang'anywa bafuni, yametiwa ndimu. Nikamwambia kesho aniwekee kongoro, lile la chini kabisa ya sufuria, nitakuja na bakuli langu. Akasema hawekei mtu, anayewahi ndiye anayekula, na wale vijana wa gereji wanafika kabla ya adhana kuisha.

Kwa hiyo leo naishia hapa. Nalala mapema, kama blanketi lipo.