Barua ya Wazi kwa Microsoft: Kompyuta Zetu Zinaomba Kurudishwa Kazini

Mtendaji Mkuu,
Kampuni ya Microsoft,
Redmond, Washington, Marekani.

YAH: KUSTAAFISHWA KWA LAZIMA KOMPYUTA ZENYE AFYA NJEMA

Mheshimiwa Satya Nadella,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kutoka Dakawa, wilayani Mvomero, mkoa wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, jirani kabisa na mto Wami. Watanzania wengi wanapafahamu kwa ajali iliyomchukua Waziri Mkuu wetu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984. Wapishi wanapafahamu kwa mchele. Ninyi yawezekana hamjawahi hata kupasikia, na hilo si kosa. Ila mashine zinazobeba jina lenu zimejaa tele hapa, ndiyo maana nimeona ni uungwana mwajiri apate habari za watumishi aliowastaafisha.

Nianze kwa pongezi. Tarehe 14 Oktoba 2025 mlikomesha rasmi huduma kwa Windows 10. Tarehe hiyo kwetu ni Siku ya Nyerere, mapumziko ya taifa zima, maofisi yamepigwa kufuli. Aliyewashauri alikuwa mtu makini: ukitaka kusitisha huduma bila kelele, sitisha siku ambayo hakuna wa kugonga muhuri barua ya malalamiko. Tena Mwalimu alituhubiria kujitegemea mpaka mwisho wa uhai wake, nanyi siku ya kumkumbuka mkatuambia, haya, kuanzia leo jitegemeeni. Viongozi wetu wenyewe hawajawahi kumuenzi kwa vitendo kiasi hicho.

Sijasahau pia kwamba Mei 2015, Windows 10 ikiwa njiani, mfanyakazi wenu mmoja, Jerry Nixon, alisimama kwenye mkutano wenu kule Chicago akasema hiyo ndiyo Windows ya mwisho. Tulimwelewa vibaya. Tulidhani hakutakuwa na nyingine, kumbe alimaanisha ya mwisho kwetu sisi.

Sasa niingie kwenye mada. Ili mashine ipandishwe cheo kwenda Windows 11, mmetaka iwe na chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, iweze kuwashwa kwa Secure Boot, iwe na RAM isiyopungua GB 4, na prosesa yake iwemo kwenye orodha yenu. Orodha hiyo ndiyo yenye kesi. Kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, yaani prosesa zilizoanza kutoka mwaka 2017. Aliyezaliwa kabla ya hapo, hata kama ana nguvu za kubeba gunia la mpunga begani, hana lake.

Wengi wetu huku hatununui kompyuta mpya. Mashine inaanza maisha ofisini Ulaya au Marekani, baada ya miaka mitatu minne inauzwa kwa jumla, inapita Dubai, inatua Kariakoo, ndipo inapanda basi la Morogoro ikiwa ndani ya begi lisilo lake. Mfalme wa safari hiyo ni HP EliteBook 840 G3, ya mwaka 2016, Core i5 kizazi cha sita. Utaikuta steshenari, imefunguliwa kutwa, herufi A na E zimefutika kwenye kibodi, pembeni yake printa na mashine ya kutoa kopi. Fundi ameiongezea RAM mpaka GB 8, ametoa hadi diski na kuweka SSD. Inawaka kabla mteja hajamaliza kueleza shida yake. Asubuhi inamwombea kijana mkopo wa chuo Bodi ya Mikopo, mchana inachapa barua ya kuitisha mkutano wa wakulima wa mpunga, jioni inahangaikia TIN ya mtu TRA, na hapo katikati yupo mama aliyeleta picha ya pasipoti akiomba apunguziwe makunyanzi. Hakuna hata kazi moja kati ya hizo iliyowahi kuishinda. Ninyi mkiipima, mnaiandikia kwamba haikidhi mahitaji ya chini.

Kinachonitia moyo ni kwamba huruma mnayo. Malalamiko yalipozidi, Agosti 2021 mliipitia upya orodha mkaona kizazi cha saba nacho hakifai, isipokuwa prosesa chache. Miongoni mwa waliosamehewa yumo Core i7-7820HQ. Huyo ni nani? Ndiye aliyekaa ndani ya Surface Studio 2, kompyuta yenu wenyewe, mliyoanza kuiuza 2018 kwa dola 3,499 kwenda juu. Hapa kwetu hiyo inaitwa undugunaizesheni, na nimefarijika sana kujua kwamba hatuko peke yetu.

Naomba nafasi ya historia kidogo, maana inahusika. Mwaka 1982 Dakawa ilianza kupokea watu ambao serikali ya nchi yao ilishawaambia hawana haki kwao. Tanzania iliwapa ANC ardhi hapa, wakimbizi wa Afrika Kusini wakajenga nyumba, karakana na shule. Wenzao walikuwa Mazimbu, kwenye Chuo cha Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 waliyakabidhi majengo kwa serikali yetu, na mpaka leo watoto wanasomea humo. Silinganishi kompyuta na wapigania uhuru, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba mji huu umekwisha kuishi na waliofutwa kwenye orodha za wakubwa, kwa hiyo ukimwambia mtu wa Dakawa kuwa kitu fulani hakitambuliki rasmi, atakachokuuliza ni kama kinafanya kazi au hakifanyi.

Na kinafanya. Fundi wetu, kijana ambaye meza yake nusu ni kompyuta na nusu ni simu zilizopasuka vioo, anapiga Windows 11 kwenye hizo hizo mlizozikataa. Anachomeka flashi, anafungua Rufus, kijiprogramu cha bure, na kabla hakijaanza kuandika kinamuuliza kwa adabu: niondoe masharti ya RAM, Secure Boot na TPM 2.0? Anaweka tiki. Basi. Masharti mliyoyatangaza kwa mbwembwe Juni 2021 yanaondoka kwa tiki moja. Ipo na njia nyingine inayonifurahisha zaidi. Unaanzisha usakinishaji kwa amri inayodai kwamba mashine ni seva. Programu yenu ikisikia ni mheshimiwa, inaacha maswali, na mwisho wa yote inakaa Windows 11 ile ile ya watu wa kawaida. Ninyi wenyewe mliwahi kuchapisha maelezo ya kubadili rejista ili mashine isiyokidhi ipite, kisha mwanzoni mwa 2025 mkayaondoa kimyakimya. Tuliokwisha kuyanakili tunashukuru.

Kuna onyo mnaloliweka hapo: mtu akilazimisha, mashine ikipata madhara kwa kutoendana na mfumo, waranti ya mtengenezaji haitamfidia. Fundi alilisoma akacheka mpaka akashika meza. Waranti ya mtumba huisha ukivuka kizingiti cha duka.

Sitaficha upande wa pili. Mashine iliyopigwa hivyo kwa kawaida inaendelea kupata sasisho za kila mwezi, lakini toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. Fundi lazima arudie, na faili lenyewe ni zaidi ya GB 5, hilo bando la mtu. Na zile kongwe kabisa, za Core 2 Duo, toleo la 24H2 la Windows 11 linagoma kuwaka kwa sababu prosesa hizo hazina maagizo ambayo mfumo sasa unayahitaji. Hapo hakuna tiki. Hizo nakubali, zipumzike.

Mtanijibu kwamba ni mambo ya usalama. Najua. TPM inatunza funguo za siri mahali ambapo kirusi hakifiki kirahisi, na huo si upuuzi. Lakini tazameni usalama huo unavyokuwa ukishashuka kwenye basi. Mwenye mashine anaambiwa anunue nyingine. Hanunui. Kwa hiyo, ama anabaki na Windows 10 isiyopata viraka, huku kutwa nzima akiingiza namba za NIDA za watu, ama anapigiwa Windows 11 “nyepesi” iliyokatwakatwa na mtu asiyejulikana, imeshushwa Telegram, imepita kwenye flashi ambayo jana yake ilikuwa inajaziwa nyimbo. EliteBook ile ile, ikiwa na viraka vyenu halali, ingekuwa salama kuliko hizo zote mbili. Sharti la kulinda limekwenda kuwaacha wazi wale wale wasio na pesa ya kujilinda, na kwenye ripoti zenu hilo sijui linaandikwa safu gani.

Na mstaafu kumkumbuka mnajua. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipokwamisha hospitali za Uingereza, mlitoa kiraka hata kwa Windows XP, ambayo mliachana nayo Aprili 2014. Kumbe inawezekana. Inategemea nani ameumwa.

Mmetoa na kiinua mgongo, nisiwe mwizi wa fadhila: mwaka mmoja zaidi wa viraka vya Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026. Mtu binafsi alipe dola 30, shilingi elfu sabini na kitu, au akubali mipangilio ya mashine yake ikahifadhiwe kwenye wingu lenu. Makampuni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na mwaka unaofuata bei inajirudufu. Shule dola 1 mwaka wa kwanza. Hapo nawavulia kofia. Ila vyama vya walaji vya Ulaya vilipopaza sauti, Septemba 2025 mkawaruhusu watu binafsi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wapate bila dola wala wingu, wajisajili tu kwa akaunti. Nimekaa na ramani kuangalia Dakawa iko eneo gani la kiuchumi. Tumo SADC, tumo Jumuiya ya Afrika Mashariki, tumo bonde la Wami. Hakuna mlilolitaja. Kinachochekesha ni kwamba EliteBook nyingi tulizonazo zilianzia kazi huko huko Ulaya. Zingebaki sebuleni kwa mzee wa Ubelgiji, leo zingehudumiwa bure. Kosa lao ni kusafiri.

Wapo wanaotushauri tuhamie Linux. Si wazo baya wala si geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice. Linux Mint inakaa vizuri kwenye hizi mashine na haiulizi mtu umri wake. Msione tumebaki kwenu mkadhani ni mapenzi. Kinachotubakiza ni mteja anayekuja na faili la Word lenye majedwali, anataka litoke kwenye printa kama lilivyo, na nje basi la Dodoma limeshapiga honi.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na si mengi. Mlichompa Mbelgiji mpeni na Mluguru, kwa masharti yale yale. Mnapoipima mashine, itazameni kazini, cheti chake cha kuzaliwa kikae kabatini. Na kama hata hayo ni mazito, rudisheni basi yale maelezo ya rejista mliyoyaondoa, ili fundi apige Windows iliyotoka mikononi mwenu, asiende kuitafuta Telegram. Hilo la mwisho haligharimu hata senti.



Wako katika ujenzi wa taifa (letu, lenu likishajengeka),

Mteja wa steshenari,
Dakawa, Mvomero.

Nakala: Fundi wa kompyuta, Dakawa. Kwa taarifa tu. Utekelezaji anaendelea nao.