Kuupandisha PEPMIS Mlimani Ngujini: Mwongozo kwa Mwalimu Mkuu

Mwalimu mkuu, umetoka kikaoni Mwanga mjini na agizo moja: kila mtumishi ajaze PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Gari limekupandisha mlima hadi Ngujini, na ofisini wanakusubiri walimu waliopata habari kabla hata hujashuka. Mmoja anauliza kama kuna posho. Mwingine anasema huu nao utapita kama ilivyopita mingine. Wa tatu kanyamaza, na huyo ndiye wa kumwangalia zaidi, maana hakumbuki hata nywila yake. Fuata hatua hizi, watajaza, na watajaza ya kweli.

1. Anza na historia, vitisho viweke kando

Walimu wako wana sababu ya kuguna. Mwaka 2004 Serikali ilileta OPRAS, fomu ya wazi ya tathmini, ichukue nafasi ya taarifa za siri, zile ambazo mkubwa alimwandikia mtumishi bila mwenyewe kuziona. Nia ilikuwa njema: mtumishi na msimamizi wake wakae, wakubaliane malengo, wapime pamoja. Lakini fomu ikageuka desturi ya mwaka. Mtu alinakili ya mwaka uliopita, akabadilisha tarehe, akatia saini, faili likarudi kabatini.

PEPMIS imekuja kuchukua nafasi hiyo kuanzia mwaka wa fedha 2023/24. Mtumishi anaorodhesha majukumu yake, anayagawa vipande vidogo, anajaza alipofikia, na msimamizi anapitia na kuidhinisha. Waambie hivyo, kisha nyamaza uwasikilize. Mwalimu aliyeruhusiwa kulalamika dakika kumi hujaza mapema kuliko aliyetishiwa kwa herufi kubwa kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku.

2. Jaza wa kwanza, na wakuone

Usiwaite walimu kwenye mafunzo ya mfumo ambao wewe mwenyewe umejaziwa na mtu. Watajua siku ya kwanza, pale utakapobonyeza kitufe kisichohusika. Kaa nao meza moja, fungua ukurasa wako, waone malengo yako ya mwaka na mahali ulipokwama. Mkuu anayeonyesha kazi zake mbele ya walimu amemaliza nusu ya ubishi.

3. Andika kazi kwa lugha ya shule

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tuliza kichwa. Mwalimu akifika kwenye kisanduku cha majukumu huandika "Kuboresha ufundishaji na ujifunzaji". Sentensi hiyo haina mwanzo wala mwisho, na Juni hakuna atakayejua kama imetimia.

Mrudishe kwenye azimio la kazi. Mwalimu wa Hisabati Darasa la Tano ana kila kitu humo: mada, wiki, idadi ya vipindi. Aandike "Kukamilisha mada ya sehemu ifikapo mwisho wa Machi." Chini yake aweke vipande vyake: kutoa jaribio na kulisahihisha ndani ya wiki moja, kuwapa kipindi cha ziada waliokwama, kuzungumza na wazazi wa watoto wanaokosa shule siku za mnada. Kila kimoja kina ushahidi kwenye daftari la maandalio, la alama au la mahudhurio. Atakayekuja kukagua ataona kazi.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, wa shule unaanza Januari. Mwalimu akiandika lengo la mwaka mzima kwa darasa moja, litamkatikia katikati: Januari watoto wamepanda darasa, yeye bado ana lengo lao. Mshauri agawe kwa mihula, ule wa Julai hadi Desemba na ule wa Januari hadi Juni. Jambo dogo hili linaokoa maswali mengi.

4. Ukiongeza kazi moja, punguza nyingine

Mwalimu tayari anaandika azimio, andalio, mahudhurio, kitabu cha zamu na alama za majaribio. Ukimwongezea PEPMIS na bado ukadai ripoti ya wiki kwenye karatasi, kisha uitake tena kwa WhatsApp, umemtaka aandike jambo moja mara tatu. Vilivyowekwa na sheria na miongozo huwezi kuvigusa. Lakini zile ripoti ulizozibuni mwenyewe ofisini kwako unaweza kuzifuta leo. Futa, na uwatangazie umezifuta.

Jirani zetu Kenya walipoanzisha tathmini ya walimu ya TPAD mwaka 2016, manung'uniko makubwa yalikuwa hayo hayo: mwalimu anajaza fomu saa ambayo angekuwa darasani. Mtoto wa Ngujini asilipe gharama ya mfumo uliokusudiwa kumsaidia.

5. Nywila haiendi steshenari

Kuna njia ya mkato inayojulikana nchi nzima: mpe kijana wa steshenari namba yako ya utumishi na nywila, na hela kidogo, akujazie. Wengine huenda mbali zaidi, wana daftari moja ofisini lenye nywila za walimu wote, limefungwa kwa raba na kuwekwa juu ya kabati.

Lichome moto. Mlango wa PEPMIS ni ule ule wa akaunti ya mtumishi ambamo kuna maombi ya likizo, ya uhamisho na ya mikopo. Anayeingia kukujazia malengo anaweza kuingia kufanya mengine kwa jina lako. Na hata akiwa mwaminifu kama malaika, hakuwapo darasani. Atakuandikia malengo ya mwalimu wa jana aliyempitia dukani, na wewe utapimwa kwa kazi ya mtu mwingine.

Kama una mama mwalimu anayekaribia kustaafu na simu humtoa jasho, mkalishe na kijana wa ajira mpya. Sharti liwe moja: kijana aseme, mama abonyeze. "Mama, gusa hapo juu kulia" inachosha mara ya kwanza, lakini mara ya tatu mama anaingia peke yake.

6. Chagua mahali na saa

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vilipelekwa kwa walimu. Kama cha shule yako kinatumika kupiga picha za mahafali tu, kirudishe kazini. Mlimani mtandao huchagua pa kushika. Tafuta mahali hapo, hata kama ni chini ya mgrivilea nyuma ya ofisi, weka benchi. Tenga saa moja ya Ijumaa baada ya vipindi, chai iwepo, makande yakiwepo vizuri zaidi. Usingoje usiku wa Juni 30, ambao nusu ya watumishi wa nchi wanagonga mlango mmoja.

7. Soma walichoandika

Hatua zote zilizotangulia zinaanguka hii ikikosekana. Tazama mfano wa hapa hapa nyumbani: Upare unajua kuendesha kazi za zamu tangu kabla ya wakoloni. Ndiva, bwawa dogo la umwagiliaji, hukusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani, na kila mwenye shamba anajua siku yake. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzibua mfereji ukiitwa, watu hutoka na majembe, na asiyetoka anajua faini inamsubiri. Zamu hiyo inaheshimiwa kwa sababu maji yanafika shambani. Yasipofika, faini peke yake haiwezi kuwatoa watu nyumbani mwaka baada ya mwaka.

Na mwalimu ndivyo alivyo. Akiandika kwamba watoto kumi hawajui kusoma na hana vitabu, kisha miezi mitatu ipite bila neno kutoka kwako, ameshajua kwamba anaandikia ukuta. Kuanzia hapo atajaza ili aonekane amejaza. Kwa hiyo pitia kila wiki, idhinisha kwa wakati, na palipo na tatizo jibu kwa kitendo: omba vitabu, badilisha ratiba, mwite mzazi. Kisichowezekana mwambie wazi kwamba hakiwezekani.

Walimu wa Ngujini hawaogopi kazi wala kompyuta. Wanataka kujua kama kuna anayesoma. Mwalimu mkuu, kabla hujamwuliza mtu yeyote kwa nini hajajaza, fungua mfumo uhesabu ni kazi ngapi zimewasilishwa na zinangoja idhini yako. Anza na hizo.