Mwiko Wangu Umepata Kazi Uingereza

Leicester, Uingereza

Kwa Mjomba, na wote wa kijiwe cha kahawa, Barabara ya Nane, Ngamiani, Tanga.

Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya. Hofu ni kwenu mnaokaa karibu na Mjomba anapoeleza habari zangu. Nimesikia kwamba hapo kijiweni mimi sasa ni Afisa Masoko, na wengine wameshanipa ofisi yenye kiyoyozi. Kiyoyozi ninacho kweli, tena cha bure. Kinawaka Oktoba mpaka Aprili na hakuna wa kukizima. Kazi yenyewe ni hii: mchana nabeba begani mzigo wa vipeperushi vya pizza, vya wauza madirisha na vya mafundi wa paa, navitumbukiza kwenye milango ya watu mtaa mzima. Jioni nagonga milango hiyohiyo kuuza huduma ya intaneti. Kwa hiyo Mjomba hajasema uongo. Masoko yapo, ila afisa analowa.

Nyumba za zamani za Leicester ni za matofali mekundu, zimeungana kuanzia kona hadi kona, hazina baraza, mlango unafungukia barabarani. Kila mlango una tundu la barua, na kila tundu lina tabia yake. Lililo usawa wa kifua ni la watu wastaarabu. Lingine limewekwa chini karibu na kizingiti, mpaka upige magoti. Msicheke, jambo hili limefika bungeni: mwaka 2019 mbunge mmoja aliwasilisha mswada wa kuzuia matundu ya chini kwenye nyumba mpya, maana yanawaumiza migongo wapeleka barua. Halafu kuna tundu lenye kifuniko cha springi, ukichelewa kutoa mkono linaondoka na kucha. Ndani yake zimewekwa brashi mbili nene za kuzuia baridi. Kipeperushi cha karatasi nyepesi kikifika hapo kinajikunja na kugoma. Na nyuma ya brashi yupo mbwa.

Mbwa wa huku amesoma. Habweki mapema, anasubiri vidole. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mbwa akimng'ata mtu vidole kupitia tundu la barua, mwenye mbwa anawajibika hata kama mwenyewe hakuwepo nyumbani. Nilipoisikia hukumu hiyo nilifurahi, kisha nikahesabu vidole vyangu nikaona ni heri nibaki navyo kuliko kwenda kushinda kesi.

Hapo ndipo mwiko alionifungashia Shangazi ulipopata ajira. Kipeperushi unakikunja mara moja kwa urefu, unakilaza juu ya mwiko, unainua kifuniko kwa dole gumba la mkono wa kushoto, unasukuma mpaka kipite zile brashi, unachomoa haraka. Mbwa akiuma, anauma mti wa Handeni. Shangazi asione vibaya, ugali nasongea mwingine. Huu umeshakuwa mtumishi, nao una alama za meno kwenye ncha kama kitambulisho cha kazi.

Suala la mavazi lilinisumbua mwanzoni. Nikivaa tai, watu wananidhania Shahidi wa Yehova, wanafunga mlango kabla sijafungua mdomo. Nikivaa koti jeusi na kofia, bibi wa ng'ambo ya barabara anasogeza pazia na kushika simu. Dawa yake ni reflekta, ileile ya bodaboda. Ukishaivaa unakuwa mtu wa maji au wa gesi, unaweza kufungua geti la mtu na kumsalimia paka wake, hakuna anayekuuliza.

Sasa nyie mnaojivunia kwamba mambo ya ajabu yako Tanga tu, sikilizeni. Huku kuna halmashauri hazitoi namba 13 kwenye nyumba mpya. Namba moja upande huu, mbili upande ule, mnakwenda vizuri, mnatoka 11 mnaingia 15. Hawa ndio waliotuletea vitabu vya kutufundisha kuacha ushirikina! Na milango inaongea. Unabonyeza kengele, unasikia sauti: "Nikusaidie nini?" Unageuka kulia na kushoto, hakuna mtu. Ni kamera iliyo kwenye kengele, na mwenye nyumba yuko Hispania anaota jua. Siku moja nilimweleza mlango habari ya intaneti kwa ufasaha wote, mlango ukanijibu kwamba tayari unayo, na ndiyo inayotuwezesha kuongea.

Kuuza ndiko kugumu. Kabla ya kutawanyika tunakusanywa ofisini, tunapigishwa makofi na kelele kama timu inayoingia uwanjani, tunaambiwa sisi ni wajasiriamali huru. Maana yake hakuna mshahara, kuna kamisheni. Ukiuza kuna kengele unaigonga, wenzako wanakushangilia. Wasichokwambia siku ya kwanza ni kwamba sheria ya huku inampa aliyeuziwa mlangoni siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu yoyote. Huko kwetu risiti imeandikwa kabisa kwamba mali ikishauzwa haitarudishwa. Huku mteja anasaini, unagonga kengele, unanunua kuku wa kujipongeza, na siku ya 13 anaandika barua moja fupi na kamisheni inarudi ilikotoka. Kuku harudi.

Halafu wanakataa kwa adabu inayochosha. Hakuna anayekwambia "ondoka". Anakwambia angependa sana kukusikiliza, hali ya hewa mbaya eti, pole sana, ila ndiyo kwanza wanakaa mezani. Nagonga saa 10, wako mezani. Nagonga saa 2 usiku, wako mezani. Kwetu ukiwakuta watu wanakula unaambiwa karibu, unanawa. Huku chakula ndicho cha kukufungia mlango. Pia wapo wanaojificha. Unasikia televisheni, unagonga, televisheni inanyamaza, na dirishani kuna kisigino kinatambaa. Hapo nikajisikia niko nyumbani kabisa. Shangazi, unamkumbuka yule kijana anayekopesha sufuria, akipita kudai unamtuma mtoto mlangoni? Na mtoto anasema: "Mama amesema hayupo."

Lakini mlango mmoja wa mtaa wa Belgrave lazima niwasimulie. Alifungua bibi wa Kihindi, sari na sweta juu, ndala na soksi. Nilipoanza maneno ya kazi kwa Kiingereza alinikatiza kwa mkono. "Wewe toka wapi?" Kwa Kiswahili! Nikasema Tanga. "Mimi Jinja. Ingia, mvua nyingi." Aliondoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90. Akanikalisha jikoni, akaniwekea chai ya tangawizi na chevda kwenye bakuli, na mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu. Nilikula mpaka reflekta ikabana.

Ndiye aliyeniuliza kama najua tangazo lililoufaidi mji huu kuliko yote. Nikadhani atasema pizza. Mwaka ule wa 1972 halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, kuwaambia Waasia wa Uganda kwamba mji umejaa, wasije. Wengi hawakuwahi kuisikia Leicester kabla ya hapo. Wakasoma, wakaona basi huko wako jamaa zao wengi, wakaja. Leo Barabara ya Belgrave ni maduka ya dhahabu, sari na vitafunwa kotekote, na wakati wa Diwali inafungwa kwa sherehe. Mimi nagawa vipeperushi vya kuwaomba watu waje wale pizza na hawaji. Nikafikiria kumshauri bosi tuandike kwamba pizza zimekwisha.

Nilipoona ameshiba furaha nikatoa fomu ya intaneti. Akaitazama bila miwani. "Mimi nataka hapana. Mtoto yangu naweka yote." Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na furushi la vipeperushi vya duka la mpwa wake, sari na vitambaa, punguzo la sikukuu. "Wewe natembea bure na mifuko nusu? Peleka hii pia." Nikapeleka, mtaa mzima, bila kamisheni. Kwa ile mihogo ningepeleka na mtaa wa pili.

Mjomba, endelea kuniita Afisa Masoko, sina ugomvi, ila kile kiyoyozi kifute. Na Shangazi, nimetuma hela kidogo kwa simu kupitia kwa Mjomba. Humo toa ya yule kijana wa sufuria, mlipe deni lote, tena ufungue mlango wewe mwenyewe.