Laini Imefungwa, Deni Liko Hai

Jamani, tuwape watu wa kampuni ya simu haki yao: hakuna anayeshika sheria kama wao. Tangu 2020 Benki Kuu ya Kenya imekataza mtu kupelekwa CRB, kule kunakotunzwa rekodi za wakopaji, kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Basi ankara ya laini niliyokwisha kuifunga, kwa barua waliyoigonga muhuri wenyewe, wakaiacha inone polepole, mwezi baada ya mwezi. Ilipovuka elfu tu, jina langu likafikishwa CRB.

Ukipiga simu, sauti nyororo inakuambia wewe ni mteja wa thamani, kisha muziki. Ukienda dukani, kijana mwenye tai anachungulia kompyuta: "Mzee, mfumo unaonyesha unadaiwa."

Namwonyesha muhuri wao.

"Huo mimi nauona, mzee, lakini mfumo hauuoni. Lipa tu yaishe."

Yaishe wapi? Taarifa mbaya hukaa kwenye rekodi miaka 5 tangu siku ya kulipa. Ukilipa usichodaiwa, umenunua doa kwa fedha taslimu. Usipolipa, umelipata kwa mkopo, na huo ndio mkopo pekee utakaopewa bila kuulizwa mdhamini.

Ajabu ni kwamba ukikopa salio la shilingi 10, mfumo huohuo hukukata papo hapo unapoongeza salio, hata iwe saa nane usiku. Macho unayo, tena makali. Husinzia tu zamu ya kurekebisha makosa yake ikifika.