Choo Kinachopiga Honi

Kamina ni mji wa reli. Njia ya kwenda Ilebo, enzi hizo Port-Francqui, ilifunguliwa mwaka 1928, na tangu hapo masikio yetu yamefunzwa kusubiri honi. Treni siku hizi huja ikijisikia. Choo changu hakikosi. Maji yakirudi usiku wa manane, tangi likiwa tupu tangu mchana, kwanza bomba linakohoa, halafu linatoka honi refu la puani, na mwishowe ukuta unagongwa: ko! ko! ko! Mama mkwe alipotutembelea kutoka Kabongo, usiku wa kwanza tu tulimkuta sebuleni amevaa viatu, mzigo kichwani, anauliza tiketi yake iko wapi.

Basi nikaita fundi. Kijana mmoja mwenye spana moja na maringo ya injinia mkuu. Alifunua tangi, akaniamuru nisikilize, kana kwamba nilikuwa na kazi nyingine usiku. Honi, akasema, ni la raba ile ndogo inayoziba maji boya likipanda. Akaichomoa: imelika upande mmoja, ngumu kama ukucha. Maji yakijipenyeza hapo, raba inatetemeka na bomba zima linaitikia.

Na kugonga je? Maji yanayokimbia hayana breki, baba. Ukiyafungia njia ghafla, yanajibamiza, na kishindo kinapita ndani ya bomba la chuma zaidi ya kilomita moja kwa sekunde. Nilikuja kusoma kwamba Mrusi mmoja, Nikolai Joukowsky, aliyapima haya Moscow na kuyachapisha mwaka 1898. Yaani miaka thelathini kabla ya reli kupita hapa kwetu mambo yalikuwa wazi, na mimi bado naruka kitandani!

Kukohoa kulikuwa kwa hewa. Maji yakikatika, hewa inaingia bombani; yakirudi, yanaifukuza. Hilo fundi alikataa kulitibu. Aliniambia niwaone wanaoyakata.

Akakata raba mpya kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akapunguza robine iliyo chini ya tangi ili maji yaingie taratibu, akalifunga bomba ukutani mahali lilipokuwa likichezacheza. Akachukua faranga zake, nyingi kuliko alizosema asubuhi. Usiku huo nililala kama mtu aliyelipa madeni yote.

Alfajiri, mlango unabishwa. Mama Mapacha wa nyumba ya tatu, bidoni mbili tupu mkononi.

“Baba, choo chako kimekufa?”

Nyuma yake mtaa mzima, kila mtu na bidoni yake. Maji yalikuja, yakakaa saa chache, yakaondoka zake, hakuna aliyeamka. Kumbe honi langu ndilo lililokuwa likiwatoa kitandani wakinge! Bibi yangu naye, badala ya kunitetea, akatoka na bidoni zetu, nazo tupu, akajipanga upande wao.

Wameamua raba ya zamani irudi. Fundi anasema kurudisha kelele ni kazi kama kazi nyingine, bei ileile, nusu itangulie. Tuko kwenye michango sasa. Mama Mapacha anataka atoe kidogo, ati kwake honi lilikuwa likifika limechoka.